Somo kwa Matawi: Lundo la Zamani Lina Jasho la Nani?



Nilipokuwa kijana wa miaka ishirini hivi nilipata kibarua cha kupakia lori upande wa Tororo. Kazi ilikuwa moja tu: kuchota mchanga mweusi kutoka kwenye lundo la zamani lililoota nyasi, na kuutupa ndani ya lori kwa beleshi. Tulilipwa kwa lori, si kwa siku. Mchanga ule ulikuwa mzito kuliko mchanga wa mtoni. Beleshi halijafika nusu na mgongo tayari unalalamika. Mwenzetu mmoja alikuwa na spika ya redio iliyokufa. Akaing'oa sumaku yake, akaichovya katika mchanga, nayo ikatoka imeota ndevu nyeusi pande zote. Tukacheka. Kisha tukamwuliza karani, "Bwana karani, hiki ni kitu gani?" Akasema, "Pakieni, vijana. Hizo ni takataka. Mwenye mahali anataka kusafisha uwanja."

Lakini takataka hazipimwi kwenye mizani. Wala dereva wa takataka hatii sahihi katika vitabu viwili. Lori zile zilipimwa, moja moja, na vitabu vilitiwa sahihi asubuhi na jioni. Sisi tulikuwa tukilipwa bei ya kuzoa takataka, na mtu mwingine alikuwa akilipwa bei ya chuma. Mwajiri yule simtaji. Nimeeleza habari hii ili mjue nilianzia wapi kujifunza mambo ya malundo. Mimi si fundi wa madini, nilisoma shule ya msingi tu, ila nimeuliza sana, na mafundi wengi hupenda kueleza kazi yao ukiwauliza kwa heshima.

Tuanze na maana ya lundo. Mgodi au kiwanda kinapotoa madini, hakitoi kila kitu kilichomo. Hutoa kile kinacholeta faida kwa bei ya siku ile na kwa mashine za siku ile. Kinachobaki huwekwa kando. Mengine ni makapi kweli, hayana kitu. Mengine ni mali ambayo bado haijapata mnunuzi. Miaka thelathini ikipita, bei ikibadilika au njia mpya ikigunduliwa, mtu anakuja na karatasi mkononi anasema atasafisha mahali hapo. Ndipo wafanyakazi na wenyeji wanapopaswa kuwa macho, maana mlima wa namna hiyo huondoka upesi kuliko mgodi. Mgodi waweza kuchukua miaka hamsini. Lundo huisha katika miaka kumi na mitano.

Kilichotokea Kasese

Mfano mkubwa uko magharibi ya Uganda, mbali na sisi, lakini kwenye reli iliyokuwa ikipita hapa kwetu. Mgodi wa shaba wa Kilembe, chini ya milima ya Ruwenzori, ulianza kutoa shaba mwaka 1956, mwaka uleule reli ilipofika Kasese. Shaba ilipelekwa kwa reli hadi Jinja ikayeyushwe, kisha ikapitia Tororo kwenda Mombasa. Wazee wa reli wa Tororo wanaikumbuka.

Kilembe ilifanya kazi hadi 1982. Katika miaka hiyo mawe yaliyochimbwa na kusagwa yalizidi tani milioni 16. Pamoja na shaba, mawe hayo yalikuwa na madini yaitwayo pairaiti, yaani chuma kilichoshikamana na salfa. Hung'aa kama dhahabu, na wengi yamewadanganya. Ndani ya pairaiti ya Kilembe kulikuwa na kobalti kidogo. Wakati ule hapakuwa na njia ya kuitoa kobalti ile kwa faida. Basi pairaiti ilitengwa na shaba, ikarundikwa Kasese, mwaka baada ya mwaka. Mgodi uliposimama, lundo lilikuwa karibu tani milioni moja.

Sasa tufanye hesabu, na mwenye kalamu aandike. Katika mawe yaliyotoka mlimani, kila kilo mia zilikuwa na kobalti gramu 170 hivi. Katika lundo la Kasese, kila kilo mia zilikuwa na gramu 1,380. Gawanya: ni mara nane. Lundo lilikuwa na utajiri mara nane kuliko mlima wenyewe! Nani aliyeongeza hizo mara nane? Ni watu walioshuka shimoni na taa kichwani, waliosukuma magari ya mawe, waliosimama kwenye vinu vya kusagia usiku na mchana, waliotenga pairaiti na shaba. Walilipwa mshahara kwa ajili ya shaba. Kwa kobalti hawakulipwa, kwa kuwa siku ile kobalti haikuwa na bei. Kazi yao ilikaa pale Kasese chini ya jua, ikingoja.

Lundo hilo halikukaa kimya. Mvua ikinyesha juu ya pairaiti, maji na hewa huigeuza kuwa tindikali. Tindikali ikatiririka hadi ndani ya mbuga ya Queen Elizabeth, ikaua majani kila ilipopita hata ardhi ikabaki uchi, ikielekea Ziwa George ambako watu huvua samaki. Kwa hiyo mtu akisema tuliache lundo lilivyo, ajue kwamba kuacha nako kuna gharama, na wanaoilipa ni wavuvi na wakulima.

Mwaka 1999 kiwanda cha Kasese Cobalt kilianza kazi. Wageni walikuwa na hisa nyingi, na Kilembe Mines, kampuni ya serikali, ikawa na sehemu ndogo. Ujuzi wa kutoa kobalti ulitengenezwa na idara ya jiolojia ya Ufaransa iitwayo BRGM. Njia yenyewe ni ya ajabu kidogo, nayo yafaa tuielewe, maana siku hizi inatumika mahali pengi.

Mama anayetengeneza busaa anajua kwamba kimea ndicho kinachofanya kazi, yeye analinda joto na wakati tu. Kasese walifanya vivyo hivyo. Pairaiti ilisagwa, ikachanganywa na maji ikawa uji, ikatiwa katika matangi makubwa pamoja na vijidudu ambavyo riziki yao ni chuma na salfa. Vijidudu hivi havionekani kwa macho. Vinapokula, pairaiti inavunjika na kobalti inaingia katika maji. Uji huo hujipasha joto wenyewe, hivyo kazi ya mafundi ilikuwa kuupoza na kuupulizia hewa bila kukoma. Umeme ukikatika hewa inakatika, na vijidudu hufa. Ndiyo sababu kiwanda kilijijengea kituo cha umeme katika mto Mubuku, cha megawati kumi hivi. Baadaye mawe ya chokaa yaliyosagwa yalitiwa katika uji ili kuua tindikali, na hapo chuma kilizama chini kama tope la kutu. Kobalti iliyobaki katika maji ilivutwa kwa umeme, ikaganda kwenye mabamba.

Kiwanda kilitoa mamia ya tani kwa mwaka. Mwaka 2002 bei ya kobalti duniani ilikuwa imeanguka, kiwanda kikasimama. Kikarudi kazini 2004 bei ilipoamka. Angalieni jambo hilo: hapakuwa na mgomo, hapakuwa na mfanyakazi aliyekosa, vijidudu havikugoma, lundo lilikuwa palepale, lakini kazi ilisimama kwa sababu ya bei iliyopangwa na watu ambao hawajawahi kuiona Kasese. Kisha ukafika mwaka 2013, na lundo lilikuwa limekwisha.

Kilichobaki ni nini? Kituo cha umeme cha Mubuku kilibaki, kikawa kinauza umeme kwa gridi ya taifa. Hilo ni jambo jema, na lilikuja kwa sababu kiwanda hakikuweza kufanya kazi bila hicho. Lundo la pairaiti lililokuwa likitoa tindikali liliondoka. Hilo nalo ni jema. Lakini ajira za kiwandani ziliisha pamoja na lundo, na mtu aliyejifunza kulea vijidudu vya kobalti hana kiwanda cha jirani cha kwenda kuomba kazi. Siwalaumu mafundi, kazi yao waliifanya vizuri. Ninasema tu kwamba mwisho wa lundo ulijulikana tangu siku ya kwanza. Tani zilikuwa zimehesabiwa. Ukijua tani zilizopo, na ukijua tani zinazoliwa kwa mwaka, mtoto wa darasa la nne atakuambia mwaka wa kufunga. Mapatano ya kazi yaliyo sawasawa huanza na hesabu hiyo: kiinua mgongo kinawekwa akiba tangu mwaka wa kwanza, na vijana wanafundishwa ufundi ambao utawafaa nje ya lango, kama uchomeleaji, umeme, pampu, maabara.

Chuma kilichogeuka tope

Kuna jambo moja la Kasese ambalo bado linanisumbua. Pairaiti safi ni karibu nusu yake chuma kwa uzito. Kwa hiyo katika lundo lile madini yaliyokuwa mengi ni chuma na salfa, na kobalti ilikuwa chembe tu. Lakini chembe ndiyo iliyouzwa, na chuma kikawa tope.

Sababu ni bei. Tani moja ya kobalti huuzwa kwa makumi ya maelfu ya dola. Tani moja ya mawe mazuri ya chuma, ikiwa imekwisha kufika bandari ya Uchina, huuzwa kama dola mia moja, na pengine chini ya hapo. Toa nauli ya meli. Toa nauli ya reli kutoka kwetu hadi Mombasa, zaidi ya kilomita elfu moja. Toa kupakia na kupakua. Hakibaki kitu. Kobalti yaweza kusafiri mbali na bado ikaleta faida; chuma ni mzigo wa karibu. Chuma cha Tororo kitawafaa watu wa Tororo na Busia ikiwa kitatumika Tororo, Jinja, Mbale au Kisumu. Kikipakiwa kiende mbali, wa kwanza kufaidi ni mwenye malori.

Nimefikiri mara nyingi juu ya reli ile. Mbolea ya superfosfeti hutengenezwa kwa kumimina tindikali ya salfa juu ya fosfeti. Tororo tulikuwa na fosfeti. Kasese walikuwa na salfa. Pairaiti ikichomwa hutoa moshi wa kutengenezea tindikali hiyo, na majivu yake mekundu ni chuma ambacho matanuri ya saruji huweza kutumia, na tanuri la saruji tunalo Tororo tangu miaka ya 1950. Vitu vitatu, vyote kwenye njia moja ya reli! Reli ya Kasese imekufa tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, na lundo limekwisha, hivyo haya ni mawazo ya mtu aliyekaa kituoni bila garimoshi. Nayataja ili tusirudie.

Kule Marekani, katika jimbo la Minnesota, malundo ya chuma ndiyo yenyewe. Migodi yao ya zamani ilichukua mawe mazuri na kuacha yale hafifu. Kampuni iitwayo Magnetation ilijenga viwanda vya kuokota chuma katika makapi hayo kwa sumaku kubwa. Mwaka 2011 bei ya mawe ya chuma ilipita dola 180 kwa tani, kila mtu akafurahi. Mwishoni mwa 2015 ilikuwa chini ya dola 40, lakini Magnetation haikuifikia siku hiyo: iliomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika mwezi Mei mwaka huohuo, na baadaye viwanda vikafungwa. Kwa hiyo hata nchi tajiri lundo huangusha watu. Ila wenyeji wa Minnesota wana jambo moja la kuigwa. Kwa miaka mingi migodi yao imelipa kodi kwa kila tani inayotoka, na fedha hizo kwa sehemu kubwa hubaki katika eneo la migodi, kwa shule, miji na wilaya zake. Tangu 1941 wana idara maalumu ya jimbo inayoshughulikia eneo hilo ili watu wawe na kazi nyingine madini yakipungua. Kodi ya faida inasubiri faida, na mwenye vitabu anaweza kuificha faida. Tani haifichiki, mizani inaiona.

Vilima vya Sukulu

Turudi nyumbani. Kila mtu wa Tororo anavijua vilima vya Sukulu. Ni mabaki ya volkano ya kale, na udongo wake una fosfeti, una chuma kiitwacho magnetaiti, na una niobi ambayo huchanganywa katika vyuma vigumu. Magnetaiti ndiyo ule mchanga mweusi uliong'ang'ania sumaku ya rafiki yangu.

Kiwanda cha kwanza cha mbolea, TICAF, kilitumia udongo huu tangu miaka ya 1960 hadi kiliposimama mwaka 1978. Mwaka 2014 mradi mpya ulizinduliwa chini ya kampuni ya Guangzhou Dongsong kutoka Uchina, na Oktoba 2018 Rais Museveni alifungua kiwanda cha mbolea. Mpango uliotangazwa ulikuwa na mambo mengi pamoja: mbolea, tindikali, na pia kiwanda cha chuma. Familia nyingi za Osukuru zilihamishwa kupisha mradi, na ubishi wa fidia uliendelea kwa miaka.

Somo letu linagusa hapa. Ukiosha udongo wa Sukulu ili upate fosfeti, lazima uitoe magnetaiti, maana inachafua mbolea. Kwa hiyo kila tani ya fosfeti huacha chuma pembeni. Lundo linakua kila zamu, liwe na mnunuzi au lisiwe naye. Aliyechimba na kuosha amekwisha lipwa, kwa jina la fosfeti. Ni habari ya Kilembe ileile, tofauti ni kwamba hapa bado tunaweza kuhesabu lundo likiwa changa.

Je, chuma hicho kinafaa? Mafundi wananiambia kuna tatizo: fosfeti kidogo hung'ang'ania chembe za magnetaiti, na chuma chenye fosforasi nyingi huvunjika kikiwa baridi, kama kigae. Lazima kisagwe zaidi na kuoshwa tena kabla ya kwenda kwenye tanuri la nondo. Kwa saruji hakihitaji usafi wa namna hiyo. Tanuri la saruji hula chuma kidogo tu, lakini hula kila siku, na halichagui sana. Basi kati ya lundo na mnunuzi wa karibu kuna kazi ya kuosha na kusaga, na kazi hiyo ndiyo ajira. Mtu anayetaka kulipakia lundo hivihivi lilivyo aulizwe kwa nini kuosha kusifanyike hapahapa.

Mchanga wa Busia

Wenzangu wa Busia wataniambia, "Ndugu katibu, sisi hatuna lundo la chuma, sisi ni watu wa dhahabu." Sawa, lakini mmekalia malundo.

Huko Tiira na Busitema watu huosha dhahabu kwa karai na zebaki. Njia hiyo huacha sehemu kubwa ya dhahabu ndani ya mchanga. Kisha anakuja mwenye matangi ya sayanidi, ananunua mchanga uliooshwa kwa bei ya lori, na anapata dhahabu ambayo mchimbaji hakuiona. Hata Macalder, kule Migori upande wa Kenya, mgodi wa shaba na dhahabu uliofungwa 1966, makapi yake yamechokorwa na kuoshwa tena na tena na vizazi vilivyofuata.

Mimi sisemi mtu asiuze mchanga wake. Nasema asiuze bila kuupima. Chota kidogo kutoka sehemu nyingi za lundo, juu, kati na chini, changanya vizuri, gawanya, peleka sehemu moja kupimwa na nyingine ubaki nayo ndani ya mfuko uliofungwa na kutiwa alama. Wachimbaji kumi wakichangishana, gharama ya kipimo si kubwa kuliko hasara ya lori moja. Na jambo lingine: mchanga wenye zebaki haufai kutiwa katika sayanidi, kwani sayanidi huyeyusha zebaki na kuitawanya mpaka kwenye maji ya visima. Anayewaambia sumu moja inaua nyingine hajui, au anajua na hajali.

Leseni na mrabaha

Hapa nitapita upesi, kwa maana sheria yafaa isomwe na mwanasheria wa chama. Mrabaha ni malipo ambayo mwenye leseni hulipa kwa sababu ya madini anayotoa. Kenya, kwa sheria ya madini ya 2016, katika kila shilingi mia za mrabaha serikali kuu hupata 70, kaunti 20 na jamii ya mahali 10. Uganda, kwa sheria ya 2003, serikali kuu ilipata 80, serikali za mitaa 17 na mwenye ardhi 3. Sheria mpya ya 2022 imeshusha fungu la serikali kuu hadi 70. Mambo haya yanahesabiwa kwa madini yanayoandikwa. Lundo likiandikwa takataka katika kitabu cha lango, hakuna mrabaha, hakuna fungu la jamii, na ninyi wapakiaji mnalipwa ujira wa kuzoa taka. Kwa hiyo neno linaloandikwa kwenye stakabadhi ya mizani lina uzito kuliko lori.

Mkono na beleshi

Lundo la zamani huonekana kama mahali pa usalama, kwa kuwa halina shimo. Ni uongo. Juu yake hukauka na kuwa gumu kama ukuta, huku ndani kuna maji. Watu wakilichimba kutoka chini, ukuta hubaki umening'inia, na siku moja huanguka wote pamoja. Sheria yetu iwe hii: lundo hushushwa kutoka juu, kwa ngazi pana, na hakuna mtu anayesimama chini ya ukuta mrefu kuliko yeye. Baada ya mvua kubwa msimamizi atembee juu kutazama nyufa kabla ya mtu yeyote kuingia. Nyapara akisema hakuna wakati, mwulizeni nani atapeleka habari nyumbani.

Vumbi ni adui wa pili. Kitambaa cha kufunga mdomo hakizuii vumbi laini. Vinatakiwa vichujio vya kweli na maji ya kunyunyiza. Penye pairaiti, viatu vya mpira na glavu, kwa maana maji ya chini ya lundo ni tindikali hata kama yanaonekana safi. Penye madini ya niobi mara nyingi huwa na mnururisho kidogo, hivyo chama kiombe kuonyeshwa vipimo, kwa maandishi. Uganda ina sheria ya usalama kazini ya 2006, na Kenya ya 2007. Zote mbili zinamhusu kibarua wa siku moja kama zinavyomhusu fundi wa miaka ishirini.

Ya kuzungumza tawini

Kila tawi lichague jioni moja, na mwenye kusoma awasomee wasiosoma. Zungumzeni haya kwa utaratibu, bila kukatizana.

Katika kiwanda, shamba au machimbo yenu kuna lundo gani, na lilianza mwaka gani? Wazee waliostaafu waalikwe. Wao wanajua kilichotupwa na mahali kilipotupwa kuliko vitabu vya kampuni. Wapeni chai kwanza.

Limo ndani ya leseni ya nani? Maji yake ya mvua yanaelekea wapi, na nani anayakunywa?

Lina ukubwa gani? Pimeni urefu na upana kwa hatua, na kimo kwa kamba. Tutawasaidia kugeuza hatua kuwa tani. Kumbukeni kwamba mchanga mweusi ni mzito, ujazo uleule wa mchanga wa mtoni hautatoa hesabu sawa.

Kama tayari lori zinatoka, andikeni zinazotoka kwa siku sita mfululizo, mchana na usiku, na mwandike mpakiaji analipwa kiasi gani kwa lori. Wenzetu wa mashamba ya miwa wamezoea kuhesabu trela za miwa langoni, na wanaweza kuwafundisha wengine namna ya kufanya hivyo bila kugombana na askari wa lango.

Majibu yaletwe kwa katibu wa tawi kabla ya mwisho wa mwezi. Mwenye stakabadhi ya mizani, hata iliyochanika, aje nayo.